Mweka Hazina na Githeri ya Wageni

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, magoti yangu ni mazima, meno yote yapo, na bado nakaa kwa mama yangu hapa Makongeni, lakini nimestaafu. Sheria ya shule yetu ni kwamba ukiingia Kidato cha Nne, muhula wa kwanza ukiisha unaachia kazi zote za klabu ukasomee mtihani. Kwa hiyo juzi nilirudisha gambuti za klabu ya ukulima, nikaambiwa asante, nikapewa soda moja ya moto. Hiyo ndiyo pensheni.

Ninawaandikia nyinyi wa Gredi ya Kumi mnaoshika kazi ya kondoo muhula ujao. Najua nyinyi ni watoto wa mtaala mpya. Mama zenu waliwajengea nyumba za katoni za kazi ya darasani, nyinyi mkapewa alama. Kondoo hamtajengewa na mama. Someni hii mpaka mwisho, hata pale nimekasirika, na nimekasirika karibu kila mahali.

Sikuingia klabu hii kwa kupenda mimea. Kwaya ilikuwa imenikataa, na skauti walitaka mtu anunue skafu. Siku ya kwanza Mwalimu Mutiso, mwalimu wetu wa kilimo, mtu wa Kitui mwenye sauti ndogo na kofia kubwa, alitupeleka nyuma ya jikoni kwenye zizi la mabati. Akatuambia tukae chini, tunyamaze, tumwangalie kondoo mmoja akicheua.

"Tazameni shingo," akasema.

Kitu kama limau kikapanda shingoni kutoka chini. Kondoo akatafuna, akameza, halafu akanigeukia mimi hasa, katika umati wote ule, akanipigia mbweu usoni. Ilinuka kabichi iliyokufa ikasahaulika kuzikwa.

Watu walicheka hadi mmoja akaegemea mabati yakaanguka. Mwalimu Mutiso hakucheka. "Hiyo ndiyo mmekuja kupunguza."

"Harufu, mwalimu?"

"Gesi. Tumboni mwake mna vijidudu vinavyovundisha majani, na kazi hiyo inatoa methani. Ikipanda angani inashika joto kama blanketi. Halafu mvua inapotea kwetu Kitui, na nyinyi hapa inawajia yote siku moja, mafuriko, mnalala juu ya meza."

Kijana mmoja nyuma akauliza kwani si tuzibe tu ile pande ya mkia.

"Wengi hudhani ni huko. Karibu yote hutoka mdomoni. Ukiziba nyuma utabaki na kondoo mwenye hasira na dunia yenye joto vilevile."

Hapo ndipo niliamua kubaki. Lakini nilikuwa na swali, na nililiuliza kwa mdomo ule ule uliofanya kwaya inikatae. "Mwalimu, na zile lori za Jogoo Road? Na taka zinazochomwa kule Mukuru kwa Njenga mpaka nguo zikianikwa zinarudi nyeusi? Hao wote hatuwaoni, tumemwona kondoo?"

"Lori ni lako, Nafula?"

"Hapana."

"Kondoo ni wa nani?"

"Ni wetu."

"Basi anzia hapo."

Jibu hilo lilinikasirisha miaka mitatu. Bado naona mwenye lori anafaa kuketishwa kwenye nyasi apigiwe mbweu kama mimi. Lakini kondoo walikuwa wetu kweli, na nilianza.

Walikuwa sita. Tuliwapa vyeo vya klabu, kwa sababu wanafunzi wote waliokuwa na vyeo hawakuwa wakija mikutanoni. Dume aliitwa Mwenyekiti: pembe kubwa, kazi kidogo. Jike mmoja alipiga kelele mchana kutwa, huyo akawa Katibu. Na jike mwekundu mnene, aliyekula chake, akala cha jirani, na ukimuuliza anakutazama kama hajui kitu, tulimwita Mweka Hazina. Yeye ndiye nilipewa nimlee. Nilimpenda vibaya. Nikiwa na njaa ya saa nne nilikuwa namwendea namwambia shida zangu, na alikuwa anasikiliza vizuri kuliko mshauri wa shule, kwa sababu yeye hakuwahi kuniambia niombe tu.

Sasa sikizeni kazi yenyewe. Kondoo wa mtaani, yule mnayemwona akivuka barabara kama amelipia, anakula karatasi, maganda na mifuko ya plastiki. Hakui. Anakaa duniani miaka na miaka amedumaa, na kila siku ya hiyo miaka anapiga mbweu. Akichinjwa, nyama yake haijazi sufuria ya familia moja. Wetu tulimlisha chakula laini, akanenepa mapema, akaondoka mapema. Nyama ni nyingi, mbweu ni chache. Siri ya Mwalimu Mutiso yote ilikuwa hiyo: wachache, wenye afya, wanaozaa, wasiokawia. Hakuna dawa ya ajabu. Ukisikia mtu anauza dawa ya ajabu, mwambie akupigie mbweu kwanza.

Jumamosi tulikuwa tunasukuma mkokoteni mpaka soko la Muthurwa. Mama mmoja muuza mboga, Mama Ndinda, alituwekea maganda ya minji, yaani njegere, mabua ya sukuma wiki na majani ya viazi vitamu. Alikuwa akitujazia gunia huku akipiga kelele wateja wote wasikie: "Haya, mchungaji amefika! Kondoo wenu wanakula mboga kuliko mume wangu!" Shuleni tulichambua gunia lote kwa mkono. Kamba, mfuko, kifuniko cha chupa, vyote nje. Majani mabichi tuliyaacha yanyauke kidogo, tukachanganya na nyasi kavu. Chakula kipya kilianza na kiganja kimoja, kesho viwili, mpaka tumbo lizoee. Hili la polepole lishikeni. Mkisahau jina langu sawa, hili msisahau.

Vifaa ni vichache. Futi ya fundi wa nguo: unaizungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unaandika kwa chaki ukutani, na kipimo kisipoongezeka unajua kuna shida. Kidole chako: unavuta ukope wa chini, ukiona ndani mweupe badala ya mwekundu, huyo ana minyoo, na mwenye minyoo anakula, anapiga mbweu, lakini wanaoshiba ni minyoo. Reki na koleo: samadi isirundikwe ikiwa mbichi, kwa sababu lundo likilowa ndani linatoa gesi nalo. Itandazeni nyembamba ikauke, kisha wapeni akina mama wanaopanda sukuma kwenye magunia. Hiyo ya samadi hakuna anayeipenda. Mimi niliifanya miaka mitatu na nikapata jina ambalo siliandiki hapa.

Nikiwa Kidato cha Pili tulikuwa na kesi ngumu, ya Katibu. Misimu miwili alipandwa na Mwenyekiti na hakushika mimba. Mwalimu Mutiso akasema lazima aende.

"Mwalimu, huyo ni mtu wetu!" nikamwambia.

"Ni kondoo wenu. Anakula cha wawili na hazai. Gesi yake haina mtoto nyuma yake."

"Basi na walimu wasiofundisha tuwapeleke buchari?"

"Pendekeza kwenye mkutano," akasema.

Katibu alichinjwa siku ya michezo. Nilikula. Nilikuwa nalia huku natafuna, na sikurudisha sahani. Nilimkasirikia Mwalimu wiki nzima, lakini nilielewa alichofanya na kwa nini. Nawaambieni hivi ili mjue kwamba sikasiriki kwa sababu kondoo amekufa. Kondoo hufa. Ninachokasirikia ni kitu kingine.

Mwaka jana, muhula wa mwisho, tulipata habari kwamba wageni wa mradi fulani wa hali ya hewa watakuja kuona shule zinazopunguza gesi ya mifugo. Wangetupa cheti, labda na mtambo wa kupikia kwa samadi. Mweka Hazina alikuwa na mimba pevu. Kipimo chake ukutani kilikuwa kizuri kuliko cha wote, na yeye ndiye tungemwonyesha. Hakuwa mnene wa kutisha. Alikuwa sawa: mgongo umejaa, mbavu ukizigusa unazisikia.

Hapo sasa anaingia Naibu. Ni naibu wa mwalimu mkuu, mnamjua, yule ambaye viatu vyake vinafika kona kabla yake. Nanyi mnajua vile shule zetu hufanya mgeni akitajwa. Mawe yanapakwa chokaa. Vyoo vinapata sabuni. Watoto wanaambiwa wacheke. Siku hiyo hata chakula cha mchana kinakuwa na nyama, kesho yake tunarudi kwa ndengu yenye mawe. Nyumbani ni vivyo hivyo: mgeni akija, mama yangu anakishibisha kila kilicho na mdomo, hata paka. Naibu alikuja zizini jioni ya kuamkia siku ya wageni, akamwangalia Mweka Hazina, akaguna.

"Huyu mbona ana mbavu?"

"Kila mtu ana mbavu, mwalimu."

"Nafula, usinichezee. Mgeni haji shuleni kuhesabu mbavu. Kondoo aliyeshiba ndiye heshima ya shule." Akamwita mpishi alete githeri iliyobaki mchana, sufuria nzima, mahindi na maharagwe. Halafu akaongeza debe la mahindi makavu kutoka stoo.

Mwalimu Mutiso alikuwa amekwenda mazishini Kitui, angerudi asubuhi. Nilisimama mbele ya sufuria. "Mwalimu, hawajazoea nafaka. Itachachia tumboni. Huwa tunaanza na kiganja."

"Wewe umekuwa daktari wa kondoo tangu lini?"

"Tangu Kidato cha Kwanza, mwalimu."

Wenzangu wakacheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Naibu anaweza kusamehe chochote isipokuwa kicheko. Nilitumwa nikapanguse ukumbi wote peke yangu, viti vyote. Nilipotoka zizi lilikuwa limefungwa kwa kufuli yake, na kupitia mabati niliona sufuria imelambwa ikang'aa. Mweka Hazina alikuwa amewasukuma wenzake wote, kama ilivyo desturi yake. Alikuwa amelala ubavu, ameridhika.

Asubuhi alikuwa amefura upande wa kushoto kama ngoma. Ukimgonga, analia du, du. Hapumui vizuri, macho yamemtoka, meno anayasaga. Mwalimu Mutiso aliingia getini na begi la safari bado mgongoni, akaona, akalitupa begi kwenye matope.

"Amekula nini?"

Naibu alikuwa hapo hapo akinyoosha tai. Mimi nikasema, "Githeri, mwalimu. Na mahindi."

Alifunga macho kidogo tu, kisha akaanza kazi. Tulimpandisha miguu ya mbele kwenye tofali. Mwalimu akakata kijiti, akakipitisha mdomoni mwake, akakifunga kwa kamba nyuma ya masikio kama lijamu, ili atafune, mate yatoke na gesi ipate njia. Nikamnywesha mafuta ya kupikia kutoka jikoni, polepole, pembeni mwa mdomo, asipaliwe. Tukawa tunamkanda ubavu. Na hapo, wenzangu, ndipo wageni walipofika.

Fikirieni. Watu watatu wametoka mjini kuja kuona shule iliyopunguza mbweu za kondoo. Wanakuta wanafunzi hamsini wamezunguka kondoo mmoja mwenye kijiti mdomoni, wanapiga makofi, wanaimba kama uwanjani: "Mbweu! Mbweu! Mbweu!" Mimi niko chini nimekumbatia tumbo lake, namwambia sikioni, "Piga mama, piga moja tu, miaka yote nimekukataza, leo piga." Mgeni mmoja, mama wa makamo, hakuuliza kitu. Alivua koti, akapiga magoti kwenye samadi akashika kichwa.

Na akapiga. Mungu wangu, akapiga! Ilikuwa mbweu ndefu, ya kunguruma, ya mtu aliyekula kwenye harusi mbili. Halafu nyingine. Shule ililipuka kwa shangwe, walimu wakakumbatiana, mpishi akalia. Na katikati ya kelele hizo Naibu akajipenyeza, akaweka mkono juu ya mgongo wa Mweka Hazina, akatabasamu, na picha ikapigwa. Kisha akahutubu. Akasema shule hii inajali wanyama. Akasema, "Mmejionea wenyewe, vijana wetu wanaielewa gesi."

Yule mama mgeni aliuliza, "Lakini alikula nini jana?"

"Anakula vizuri sana," Naibu akasema, akawaongoza kwenda kunywa chai.

Tulipata cheti.

Mwalimu Mutiso hakwenda kunywa chai. Aliniambia gesi imetoka lakini nafaka bado imo, inachacha, inageuka asidi. Tukamnywesha maji ya magadi. Jioni alikataa kusimama. Kesho yake nilifika kabla ya kengele, nikamkuta ameshakauka, mdomo wazi.

Mngedhani Naibu angenyamaza. Saa nne aliita klabu nzima na Mwalimu Mutiso mbele ya Madam, mwalimu mkuu wetu. Akasema kondoo ameuawa na hiki chakula chetu cha kupunguza gesi, maganda na takataka za Muthurwa. Kwamba aliona mwenyewe mnyama amekonda mbavu nje. Kwamba waliobaki wauzwe wiki hiyo hiyo na klabu ipande maua. Alisema hivyo mbele yangu, akiniangalia usoni. Mwalimu Mutiso akaanza kueleza kwa ile sauti yake ndogo, na Naibu akawa anamkatiza kila akipumua.

"Madam," nikasema, "hajazikwa bado. Njoo uone."

"Uone nini?" Naibu akadakia. "Mzoga?"

"Tumbo. Kama ni maganda ya minji, yatakuwa humo. Yakiwemo, uzeni wote, na mimi mnifukuze."

Madam alisimama. Ni mama mfupi, hasemi sana. Akatangulia.

Mwalimu Mutiso alimpasua kando ya shimo la kumzikia. Sikugeuza uso, na nyinyi siku ikifika msigeuze. Kwanza walitoka wanakondoo wawili, wekundu, wamekunjana kama mikono. Halafu akafungua tumbo kubwa. Mahindi yakamwagika, mazima mazima, yamevimba, na maharagwe, na harufu ya pombe iliyochacha iliyotufanya wote turudi nyuma. Hapakuwa na ganda hata moja la minji.

Madam aliokota kijiti akayachokora yale mahindi. "Haya mahindi," akasema taratibu, "ni ya kondoo au ni ya wanafunzi?"

Naibu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni ya wageni, Madam," nikasema.

Madam alimwangalia Naibu, akatupa kijiti shimoni. "Kondoo hawauzwi," akasema. "Na chakula chao ni neno la Mutiso." Akaondoka. Hivyo ndivyo mmepata wanne, wadogo zangu. La sivyo mngekuwa mnamwagilia maua.

Picha iko ofisini, imewekewa fremu, na cheti chini yake. Mtaona tumbo kubwa upande wa kushoto na mkono wa Naibu juu yake. Wageni wakiiona husema, huyu kondoo alikuwa na afya! Nimeomba mara tatu iondolewe.

Siku yangu ya mwisho nilikuwa natandaza samadi. Naibu akaja, akasimama nje ya mlango wa zizi, akakohoa.

"Nafula, naona bado umenikasirikia."

"Ndiyo, mwalimu."

"Wewe ni mtoto mwerevu. Mambo hutokea. Basi yaishe."

"Walikuwa wawili ndani, mwalimu."

Niliwaza matusi yote ninayoyajua, ya Kiswahili, ya Kibukusu na ya mtaa, na hakuna lililotosha. Kwa hiyo nikampa koleo. Sijui kwa nini alilipokea. Labda hakujua la kufanya na mikono. Nikamwonyesha lundo lililobaki kwenye kona, lile bichi la chini.

"Nyembamba, mwalimu," nikasema. "Likikaa hivyo linatoa gesi."

Akaingia na viatu vyake vile. Nilisimama mlangoni nikamwangalia mpaka akamaliza.